Kodi ya nyumba, ni ipi? Fedha zinazojificha nyuma ya jina moja

Risiti yenyewe ipo hadi leo, imekunjwa mara nne ndani ya kitabu cha kliniki cha mpwa wangu. Ni karatasi ya kitabu cha risiti cha kawaida, kalamu ya buluu, tarehe juu, jina la dada yangu limekosewa herufi moja, na chini yake mstari mmoja tu: "Nyumba 36,000." Hakuna kingine. Dada, mumewe na watoto wanne walikaa katika nyumba ile ya vyumba viwili hapa Malindi, pwani ya Kenya, kwa miaka mitatu na miezi miwili. Siku ya kuhama alirudishiwa Sh3,000. Alipoulizia zilizosalia, akaambiwa nyumba inataka rangi, tena "ile thelathini na sita yote ilikuwa kodi ya kuingilia." Akaitoa risiti. Mwenye nyumba akaisoma, akamrudishia, akasema: "Mamangu, hapa wapi pameandikwa dipoziti?"

Hapakuandikwa. Sh18,000 zilikuwa kodi ya mwezi wa kwanza na Sh18,000 nyingine zilikuwa dipoziti, lakini karatasi ilizifunga pamoja kama fungu la mchicha.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kuulizwa. Januari, shule zinapofunguliwa na familia kuhama kuzifuata, na tena Mei, hoteli zinapopunguza wafanyakazi na watu kuanza kusaka nyumba za bei ya chini, maswali huwa yale yale. Dipoziti ni ya nani? Mwenye nyumba anaweza kunifungia mlango? Hii kodi ya nyumba ya serikali inayozungumzwa, ni mimi ninayeilipa? Majibu yanayozunguka barazani yamechanganyika. Mengine ni ya sheria ya maduka, wala hayahusu nyumba ya kulala. Mengine yametoka kwenye mswada wa wenye nyumba na wapangaji uliopelekwa bungeni mwaka 2021, ambao watu waliunukuu kana kwamba umekwisha kuwa sheria. Na mengine ni mazoea tu, yaliyorudiwa hadi yakaonekana kama amri.

Naona chanzo cha mkanganyiko ni majina. Jina moja limebebeshwa fedha nyingi, na kila fungu lina mwenyewe.

"Kodi ya nyumba" ya kwanza, ya pili, ya tatu

Kiswahili kimetupa neno moja, kodi, kwa unachomlipa mwenye nyumba na kwa unachoilipa serikali. Kwa hiyo mtu akisema "kodi ya nyumba imepanda", lazima umuulize ni ipi.

Ya kwanza ni ile ya kukaa: unampa mwenye nyumba kila mwezi, naye anakuachia nyumba uitumie. Wengine huiita pango. Katika makala haya, nikisema kodi bila maelezo zaidi, ndiyo hiyo.

Ya pili ni kodi ya serikali juu ya mapato ya nyumba za kupangisha. Ilianza Januari 2016 kwa asilimia 10, na tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5. Anayeilipa ni mwenye nyumba, na inamhusu yule ambaye jumla ya kodi anayokusanya ni kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka. Chukua mama mwenye nyumba nne huko Maweni, kila moja Sh8,000. Kwa mwezi anakusanya 32,000, kwa mwaka 384,000, kwa hiyo ameingia. Asilimia 7.5 ya 32,000 ni Sh2,400, na anatakiwa kuzipeleka kwa Mamlaka ya Mapato kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hiyo ni kazi yake. Akikuandikia kwenye risiti "kodi ya serikali 7.5%" juu ya pango mliloafikiana, anakutwika deni lake. Anaweza kupandisha pango kwa kufuata utaratibu, na nitaufikia, lakini hakuna sheria inayokufanya wewe mlipaji wa kodi ile. Wala nyumba ya kuishi haina ile kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 ambayo wenye maduka huitaja. Ndiyo maana ni vibaya kuazima majibu kwa jirani mwenye duka.

Ya tatu ni makato ya mshahara, asilimia 1.5 kutoka kwako na nyingine 1.5 kutoka kwa mwajiri, yaliyowekwa kwa Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu ya 2024. Hukatwa uwe umepanga, umejenga au unakaa kwa wazazi. Hayakupunguzii pango hata shilingi. Nimekutana na kijana wa hoteli aliyeamini kabisa kwamba kwa kuwa anakatwa "kodi ya nyumba" kazini, mwenye nyumba wake anapata mgao mahali fulani na kwa hiyo amlegezee. Simcheki, maana jina ndilo lililompoteza.

Ipo pia ada ya ardhi inayolipwa kaunti kila mwaka. Hiyo ni ya mwenye ardhi, na mpangaji hana haja ya kukaa nayo sana.

Dipoziti: kwa jina amana, kwa kazi rahani

Tukitoa hizo zote mezani, linabaki fungu ambalo si kodi ya aina yoyote. Dipoziti ni pesa zako zinazokaa mikononi mwa mtu mwingine. Watu wa pwani tuna maneno mawili yanayoieleza vizuri kuliko hilo la kuazima. Tunaiita amana kwa sababu ina mwenyewe na sharti irudi. Lakini kwa kazi yake ni rahani: imewekwa ili ukivunja au ukikimbia na deni, aliyeishika awe na pa kujifidia.

Anayetaka mfano wa kila siku, afikirie chupa ya soda. Ukitaka kwenda nayo nyumbani, mwenye duka anakudai pesa za chupa juu ya bei ya soda. Soda umekunywa, imekwisha. Pesa za chupa zinakungoja, ukirudisha chupa nzima unapewa. Hakuna mwenye duka anayesema pesa zile ni faida yake, na hakuna mteja anayesema, "Basi pesa za chupa zihesabu kuwa za soda ya kesho."

Ndipo tunapofika kwenye imani iliyoenea kuliko zote, kwamba dipoziti ni kodi ya mwezi wa mwisho. Mpangaji anatoa notisi, anaacha kulipa, anasema, "Kula dipoziti." Najua kwa nini watu hufanya hivyo, wengi wameumwa na nyoka wakaogopa ung'ongo. Lakini ukifanya hivyo bila mwenye nyumba kukubali, umekuwa mdaiwa wa mwezi mmoja, na umemwachia nyumba bila rahani yoyote siku ambayo ndiyo hasa alikuwa anaihitaji. Na ukija kumdai mahakamani, yeye ndiye atakayeanza kuzungumza.

Kiasi cha dipoziti kwa nyumba za familia hakijapangwa na sheria. Mazoea ya hapa ni mwezi mmoja, wengine hudai miwili kwa nyumba zenye samani. Wala sheria haisemi zirudishwe baada ya siku ngapi. Kwa hiyo yale mtakayoandika wawili nyinyi ndiyo yatakayoamua: kiasi, siku za kurudisha, na mambo yanayoweza kukatwa.

Ukuta unaotoa chumvi

Neno linalokula dipoziti nyingi Malindi ni rangi. Nataka nikae hapa kidogo.

Sheria ya Ardhi ya 2012 inamtaka mpangaji arudishe nyumba katika hali aliyoikuta, ukiondoa kuchakaa kwa kawaida. Kuchakaa kwa kawaida ni alama za miaka ambazo hata wewe mwenyewe ungeziweka ukikaa vizuri: rangi kupauka upande wa jua, kitasa kulegea, sakafu kupoteza mng'aro mlangoni. Uharibifu ni kitu kingine: sinki lililopasuliwa, mlango uliotobolewa, ukuta wa sebule ulioandikwa na watoto kwa kalamu za rangi kutoka chini hadi kimo cha mtoto wa miaka sita. Cha kwanza ni gharama ya mwenye nyumba kuwa na nyumba. Cha pili ni chako.

Lakini hapa kwetu kuna jambo la tatu ambalo vitabu vya bara havilitaji. Nyumba nyingi za Malindi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na wakati mwingine mchanga wa baharini umeingia kwenye saruji. Unyevu wa masika ukipanda ukutani huyeyusha chumvi iliyomo, halafu kaskazi inapokausha, chumvi hujitokeza juu. Unaona unga mweupe kama wa sabuni, kisha rangi inavimba, inapasuka na kumenyuka kwa vipande. Ukipaka upya bila kutibu ukuta, mwaka wa pili inarudi pale pale. Ukuta wa chumba cha watoto cha dada yangu, juu ya dirisha, ulikuwa hivyo. Nimeugusa kwa kidole mwenyewe, na unga ule nikauonja: chumvi. Mtoto hafanyi vile, wala maji ya kudeki hayafiki kule juu. Ni nyumba yenyewe. Na ndio ukuta aliokatiwa pesa za rangi.

Angekuwa na picha ya siku alipoingia, yenye tarehe, ukuta ule ule umekwisha kuvimba, mazungumzo yangekuwa mafupi. Simu anayo kila mtu sasa. Piga picha chumba baada ya chumba kabla ya kuingiza hata godoro, zitume kwa mwenye nyumba siku hiyo hiyo ili ziwe na tarehe kwenye simu zote mbili.

Mkataba usioandikwa

Utasikia: "Sisi hatuna mkataba, tulielewana tu." Mlielewana, basi mna mkataba. Sheria ya Ardhi inakubali upangaji wa miaka miwili au chini ya hapo, na ule wa mwezi kwa mwezi, ufanywe kwa maandishi au kwa mdomo. Udhaifu wa mdomo ni kwamba siku ya ugomvi kila mmoja ana kinywa chake.

Kama hamkusema muda, sheria inatazama unalipa vipi. Unalipa kila mwezi? Basi wewe ni mpangaji wa mwezi kwa mwezi. Kila upande unaweza kuumaliza kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja, nayo notisi lazima iishie kwenye siku ya kulipa kodi. Hilo la mwisho ndilo linalowachanganya watu. Lichukulie kama basi linaloondoka tarehe 1 tu. Umetoa notisi tarehe 10 Machi. Mwezi wako unatimia 10 Aprili, lakini hakuna basi siku hiyo. Unangoja la tarehe 1 Mei. Kwa hiyo mwenye nyumba akikuambia tarehe 10 kwamba mwisho wa mwezi huu uwe umetoka, amekosea hesabu, isipokuwa mliandikiana vingine.

Hali ni hiyo hiyo kwa kupandisha pango. Mkiwa na mkataba wa mwaka mmoja wenye kiasi kilichoandikwa, hapandishi katikati kama mkataba haukumruhusu. Mkiwa wa mwezi kwa mwezi, anaweza kukupa notisi kwamba kuanzia tarehe fulani kiasi ni hiki, nawe ukikataa, njia yenu ni kuachana kwa notisi. Kwa nyumba ya familia hakuna mahali palipoandikwa kwamba asizidishe asilimia fulani.

Wengi hapa hunikatiza: "Lakini kuna baraza la kodi!" Lipo. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura 296, ina baraza lake lenye uwezo wa kupanga pango na kumzuia mwenye nyumba. Ila linahusu nyumba ambazo pango lake halizidi Sh2,500 kwa mwezi, na kipimo cha sheria hiyo kinarudi nyuma hadi bei za tarehe 1 Januari 1981. Zamani hizo Sh2,500 zilikuwa nyumba ya mkubwa wa ofisi. Leo hazikupatii nyumba ya vyumba viwili, mtaa wa Barani wala Muyeye. Inaniuma kusema hivyo, kwa kuwa ulinzi ule uliwekwa kwa ajili ya familia kama zetu, na shilingi imeuacha nyuma.

Nyumba ya juu ya kiasi hicho, kesi yake huenda mahakama za kawaida. Kwa kudai dipoziti ipo njia ambayo si ghali wala ndefu. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 iliweka mahakama ya madai yasiyozidi Sh1 milioni, ikiwemo pesa zako zilizoshikwa na mwingine. Huhitaji wakili, na kesi inatakiwa imalizike ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Unachohitaji ni karatasi zinazosema. "Nyumba 36,000" haisemi.

Kufuli, na dalali wa mnada

Sasa swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini, hasa Mei na Juni. Mtu amesimamishwa kazi hadi msimu urudi, amechelewa miezi miwili, na amekuta kufuli mpya mlangoni, masufuria na sare za watoto zikiwa ndani.

Hapa yamechanganywa mambo mawili: kukamata mali kwa ajili ya deni la kodi, na kumtoa mtu nyumbani. La kwanza sheria inaliruhusu. Sheria ya kukamata mali kwa deni la kodi, Sura 293, inampa mwenye nyumba anayedai haki ya kukamata vitu vya mpangaji na kuviuza ili alipwe. Lakini hafanyi kwa mikono yake wala kwa vijana wa mtaani. Ni kazi ya dalali wa mnada mwenye leseni, ambaye kwanza huorodhesha vitu kwa maandishi na kukupa notisi na muda wa kulipa. Na huyu dalali si yule aliyekuonyesha nyumba, ingawa jina ni moja. Akija mtu akijiita dalali, muombe leseni yake na barua ya kumtuma.

La pili, kumtoa mtu, lina njia yake ya notisi na mahakama. Kudaiwa hakumpi mwenye nyumba ruhusa ya kutia kufuli, kung'oa mlango au kukata maji na stima ili utoke mwenyewe. Chifu na mzee wa mtaa husaidia sana kupatanisha, na mimi huwaambia watu waanze huko kwa sababu nimeona yakiisha huko. Ila barua ya mzee wa mtaa si amri ya mahakama.

Na nawaambia wapangaji pia: wenye nyumba wengi hapa si matajiri. Ni mjane aliyejenga vyumba vitatu kwa kiinua mgongo cha marehemu, na pango lako ndilo dawa yake ya presha. Ukijua hoteli inafunga, mwendee kabla tarehe haijafika. Mnaweza kuandika kwamba Mei na Juni utalipa nusu na nusu zilizobaki uzilipe kwa mafungu kuanzia Agosti. Nimeona makubaliano ya namna hiyo kwenye ukurasa mmoja wa daftari la shule, saini mbili na shahidi, yakafanya kazi miaka minne mfululizo.

Mwenye nyumba na mwenye ardhi

Mtu wa bara hushangaa akiambiwa kuwa mnazi ni wa fulani na shamba ni la mwingine. Sisi hatushangai, tumekua tukiona hivyo. Pwani yetu ina jambo hilo hilo kwa nyumba. Mtu anamiliki kuta na paa, lakini ardhi chini yake ni ya mwingine, anayelipwa ada ya ardhi, si ile ya kaunti, kila mwezi au mwaka. Ndiyo nyumba bila ardhi. Imekuwepo tangu zamani katika miji ya Mombasa na Malindi.

Kwa mpangaji wa familia maana yake ni hii: unampa pango mwenye kuta. Yeye akiacha kumlipa mwenye ardhi, au ardhi ikiuzwa, ugomvi wao unaweza kukufikia wewe ambaye hukuwa umemkosea mtu. Hii si sababu ya kuikimbia nyumba. Ziko familia zimekaa salama katika nyumba kama hizo vizazi viwili. Ni sababu ya kuuliza maswali mawili badala ya moja: nyumba ya nani, na ardhi ya nani? Kama majina ni mawili, omba kuona risiti ya karibuni ya ada ya ardhi. Na hata jina likiwa moja, hakikisha jina linalotokea kwenye M-Pesa unapolipa ni la mtu huyo au la ajenti aliyempa idhini ya maandishi. Pesa ukimtumia binamu, binamu ndiye aliyelipwa.

Mambo yasiyoonekana kwenye pango

Msimu wa wageni una mkono mrefu hapa mjini. Nyumba yenye samani upande wa Casuarina inaweza kumlipa mwenyewe zaidi ikikodishwa kwa usiku mmoja mmoja Desemba kuliko ikikaliwa na familia. Ndiyo maana Juni utaonyeshwa nyumba nzuri kwa bei ya kushangaza, "mwezi kwa mwezi tu, hakuna haja ya maandishi." Chukua hesabu ya basi la tarehe 1 uone: notisi ya Oktoba itakutoa kabla ya sikukuu. Kama una watoto shuleni, komaa upate mkataba wa miezi 12.

Halafu maji. Maji ya mji huu hutoka Baricho, kandokando ya Mto Sabaki, na yanapokatika tunarudi kwenye visima na mikokoteni. Tuseme nyumba haina tangi, nanyi watu sita mnatumia mitungi 10 ya lita 20 kwa siku. Kwa mwezi ni mitungi 300. Ukinunua kila mmoja Sh20, umelipa Sh6,000 ambazo hazikutajwa siku ya kuonyeshwa nyumba. Nyumba ya 15,000 bila maji imekuwa ghali kuliko ya 18,000 yenye tangi. Fungua bomba, onja. Kama ni maji ya kisima yenye chumvi, yatafaa choo na kudeki, ya chai utanunua.

Stima nayo, uliza mita ni yako peke yako au mnachangia. Mita ya tokeni inaweza kubeba deni la aliyekutangulia, likawa linakatwa kila unaponunua. Nunua tokeni ya shilingi mia kabla hujatoa dipoziti, utazame umepewa yuniti ngapi na nini kimekatwa.

Dada sasa anakaa Shella, nyumba ya vyumba vitatu, ghorofa ya kwanza. Siku ya ufunguo alikwenda na kitabu chake mwenyewe cha risiti, cha Sh60. Akamwomba mwenye nyumba, mzee mmoja mpole mwenye miwani, aandike mistari miwili: kodi ya mwezi wa kwanza, kiasi, dipoziti, kiasi, itarudishwa ndani ya siku 14 baada ya kuhama, ikikatwa uharibifu tu na si kuchakaa. Mzee akaandika polepole, akasita kwenye neno "kuchakaa", akauliza maana yake ni nini hapo. Dada akampeleka chumba cha nyuma, akamwonyesha ukuta chini ya dirisha palipoanza kutoa unga mweupe. Mzee akapitisha kidole, akakitazama. "Hii ni yangu," akasema, akarudi mezani akaongeza kwa mkono wake: ukuta wa chumba cha nyuma una chumvi tangu awali.